Origami: karatasi maalumu au A4 ya steshenari?

Karatasi maalumu za origami (sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi kuwa maumbo) huuzwa zikiwa tayari zimekatwa mraba, mara nyingi sentimita 15 kwa 15, zenye rangi upande mmoja. Raha yake ni wembamba: ukikunja ndege korongo, mdomo wake unakunjika bila kuvimba. Bei ndiyo inayouma.

A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, unaikata mwenyewe. Unapata mraba wa sentimita 21, na kinabaki kipande cha upana wa sentimita 8.7 (usikitupe, kinafaa kuwekea alama kitabuni). Ni nene kidogo, ila ukubwa wa mraba unafidia. Mazoezi yote nayafanyia A4 zilizokwisha kuchapwa upande mmoja, za bure kabisa. Ile maalumu naitoa korongo akiwa wa zawadi tu.