Fundi wa bafu Dar es Salaam: njia nne za kumpata, tumezipima

Bafu humuumbua fundi mapema kuliko chumba kingine chochote. Lipu mbovu ya sebuleni inaweza kusitiriwa na rangi kwa miaka, lakini sakafu ya bafu iliyokosewa mteremko inatuamisha maji siku ya kwanza ya kuoga. Kwa hiyo njia za kumpata fundi tumezipima kwa swali moja tu: je, inakuletea mtu anayejali kilicho chini ya marumaru?

Kijiweni, kwa wale wanaokaa na vifaa vyao nje ya maduka ya ujenzi, unapata mtu ndani ya saa moja na bei inazungumzika. Inafaa kwa kubadilisha koki, kuzibua sinki au kurudishia marumaru mbili tatu zilizobanduka. Bafu zima usimkabidhi fundi uliyemwona leo asubuhi kwa mara ya kwanza. Likiharibika, huna pa kumtafuta.

Mitandaoni kuna picha nzuri sana, na tatizo ni kwamba picha haioneshi mteremko wala maungio ya mabomba. Tena picha hiyohiyo utaikuta kwenye kurasa za mafundi watatu. Mwombe namba ya mwenye nyumba na video ya bafu hilohilo likimwagiwa ndoo ya maji. Aliyefanya kazi ile ataipata.

Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni dalili njema, hata kikiwa cha urasimishaji wa ujuzi, ambao hupima mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani. Kinakuhakikishia misingi. Kampuni zilizosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi zinafaa ukikarabati nyumba nzima, maana bafu moja wengi wao hawalifuati.

Njia tunayoipa alama za juu ni duka la vifaa la mtaani kwako, lile dogo ambalo mwenyewe yupo kaunta. Huyu anajua nani hununua gundi ya marumaru na nani hununua saruji tupu, na tofauti hiyo ni kubwa. Marumaru za poseleni karibu hazifyonzi maji kabisa, hivyo saruji peke yake haizishiki sawasawa. Fundi anayeweka mafungu matano ya saruji nyuma ya kila marumaru anaacha mapengo, maji yanaingia humo, na kikidondoka kitu kizito marumaru inapasuka palipo wazi. Mwenye duka pia ana sababu ya kukupa mtu mzuri, kwani wewe ni jirani na utarudi kulalamika.

Kasoro ya njia hii ni cha juu. Fundi na duka wanaweza kukubaliana kurefusha orodha ya vifaa, na dawa yake ni kupiga hesabu mwenyewe kabla hujaletewa karatasi. Chukua bafu la mita 2 kwa 1.5, marumaru zikipanda ukutani hadi mita 2.1. Sakafu ni mita za mraba 3. Kuta, ukitoa mlango wa sentimita 70, ni kama 13.2. Jumla 16.2, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unafika karibu 18. Gundi hutumika takriban kilo 5 kwa mita ya mraba kwa mwiko wa meno ya milimita 8, kwa hiyo mifuko 5 ya kilo 20 inatosha. Ukiona mifuko 10 kwenye orodha, uliza kwa nini. Wakati mwingine jibu ni la kweli: ukuta umepinda na unahitaji kunyooshwa. Basi unyooshwe kwa lipu, ambayo ni nafuu kuliko gundi.

Ukishapata majina mawili au matatu, nenda ukaone bafu lililotimiza angalau mwaka tangu fundi alipolikabidhi. Gonga marumaru kwa sarafu, zinazolia wazi zina pengo nyuma. Kisha zunguka uangalie upande wa pili wa ukuta. Lipu iliyovimba au kutoa unga mweupe maana yake maji yanapita.

Halafu muulize mambo mawili. Mteremko kuelekea kwenye tundu la maji unakuwaje? Jibu sahihi ni sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita. Bomba la PPR la milimita 20, lile la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto, unalichoma kwa muda gani? Mashine iwe nyuzi 260, bomba likae sekunde 5, kisha lisukumwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Akilipitiliza, plastiki inajikunja ndani na kubana njia ya maji, na utakuja kugundua shawa inatoa maji kidogo wakati ukuta umeshafunikwa.

Mabomba yapimwe kabla ya lipu kwa pampu ya mkono, presha ya bar 10 kwa saa moja, sindano ya kipimo isishuke. Wengi hufungulia maji ya simtank na kuridhika, lakini tanki lililo juu mita 3 linatoa bar 0.3 tu, na ungio bovu litavumilia hapo kisha lifumuke siku maji ya DAWASA yakija kwa nguvu. Baada ya hapo dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili, ipande ukutani sentimita 30, na eneo la shawa hadi mita 1.8. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji ya sentimita 2 na uyaache saa 24. Kwa bafu la ghorofani usikubali kuruka hatua hii hata fundi akinuna.

Umeme ni wa mtu mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Shawa ya moto ya kilowati 5.5 inavuta kama ampea 24. Inahitaji waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye breka yake, pamoja na ethi na kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme ukivuja. Anayetaka kuichomeka kwenye waya wa soketi, mkatae hapohapo.

Malipo yagawe: asilimia 30 kuanza, 30 mabomba yakishapimwa, 30 marumaru zikiisha, na 10 baada ya wiki mbili za matumizi. Vifaa nunua mwenyewe. Kwenye karatasi ya makubaliano andikeni nani anamlipa saidia fundi na nani anaondoa kifusi, kwa sababu magomvi mengi huanzia kwenye hivyo viwili, siku ya mwisho, kifusi kikiwa bado mlangoni.