Usafi wakati wa ukarabati: kazi ya fundi au ya mwenye nyumba?

Ukimwachia fundi, uzuri wake ni kwamba akiharibu, anayewajibika anajulikana. Ngazi ikikwaruza sakafu, hana wa kumsukumia lawama. Shida iko kwenye neno "kusafisha". Kwa mafundi wengi ni kuzoa vifusi na kupitisha ufagio, basi. Na ufagio mkavu ndio unaorusha hewani vumbi la saruji na vigae, ambalo huwa na silika inayodhuru mapafu. Kwa hiyo andikeni kabisa kwenye mkataba: nailoni ifungwe mlangoni kabla kigae cha kwanza hakijakatwa, sakafu ifunikwe, kudeki kwa maji kila jioni, na nani anaondoa vifusi.

Ukijifanyia mwenyewe, unaweza kupunguziwa bei, na una hakika kabati limefunikwa kweli. Ila utadeki mpaka uchoke. Sakafu ikikwaruzwa, fundi atakwambia hukufunika vizuri, na hapo huna la kujibu.

Mimi nagawa. Vyombo na nguo nahamisha mwenyewe. Chumba chenye kazi ni cha fundi, na malipo ya mwisho hayatoki kabla sijapitisha kidole juu ya fremu ya mlango.