Makao ya wazee ya kulipia, Barabara ya Entebbe: uzoefu wangu na bei yake halisi

Makao ninayoyazungumzia ni ya binafsi, upande wa Bwebajja, Uganda, na hayana vitanda vingi. Mzee wetu anaishi hapo: miaka 81, kiharusi cha upande wa kulia, sukari na presha, hawezi kujigeuza kitandani. Jina nimeliacha kwa sababu lawama zimo pia. Kwa kifupi, huduma yao ya usiku ni nzuri, na hiyo ndiyo inayotufanya tuendelee kulipa. Ankara zao ndizo za kukodolewa macho.

Bei ya mdomoni ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, chumba cha watu wawili. Hapo umelipia kitanda, chakula, kufuliwa na mhudumu. Pampasi hazimo, dawa hazimo, fiziotherapia haimo, wala gari la kwenda hospitali. Mtu asiyeinuka kitandani hutumia pampasi nne au tano kwa siku, yaani 120 hadi 150 kwa mwezi. Kwa shilingi 3,000 moja, hiyo ni kama 400,000. Fiziotherapia mara mbili kwa wiki imetufikisha 320,000. Dawa za presha na sukari pamoja na vijiti vya kupimia, 100,000 hivi. Kwa hiyo 1,800,000 imeshakuwa 2,600,000 na bado hajaugua malaria.

Pampasi nunua mwenyewe duka la jumla, upeleke katoni nzima, na kila paketi iandikwe jina kwa kalamu nene. Paketi isiyo na jina ina miguu. Vijiti vya sukari navyo nunua vya mashine ileile aliyonayo Mzee, maana cha mashine moja hakisomeki kwenye nyingine, na chupa ikishafunguliwa ina muda wake wa kuisha. Sharti la dawa kutoka stoo yao tu ulikatae kabla ya kusaini. Huko ndiko bei zinakopandia.

Sasa usiku. Wengi hukagua makao saa nne asubuhi, sakafu imepigwa deki na wazee wamepangwa barazani. Nenda saa tatu usiku, au alfajiri kabla zamu haijabadilishana, uulize: wako wangapi walio macho, na nani anajua kupima sukari? Mlinzi wa getini si mhudumu. Mgonjwa wa kitandani anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na karatasi ya kugeuza inapaswa kuning'inia kitandani. Isome vizuri. Ukikuta saa nne kamili, saa sita kamili, saa nane kamili, wino mmoja na mwandiko mmoja usiopinda, hiyo imejazwa asubuhi kwa mkupuo. Karatasi ya kweli ina saa nne na dakika kumi, ina "amekataa", ina "amelowa, amebadilishwa".

Halafu mfunue Mzee, usione haya. Vidonda vya kulalia huanzia juu ya makalio, kwenye nyonga na kwenye visigino. Watu wanaambiwa watafute wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi upesi. Gusa kwa mgongo wa kiganja: sehemu yenye joto kuliko jirani yake, ngumu au iliyolegea, au iliyogeuka rangi ya zambarau, imeshaanza. Godoro la hewa linasaidia ila haliondoi kazi ya kugeuza, na linategemea umeme. Uliza jenereta au sola inalisha soketi za kitandani au taa tu. Hapa kwetu ilikuwa taa tu, na godoro likawa linanywea kila umeme ukikatika mpaka tulipodai laini ya soketi. Wameiweka, nawapa haki yao.

Choo na bafu: mlango uwe na nafasi ya sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na penye ngazi pawe na mteremko wa moja kwa kumi na mbili, yaani kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8. Vigae vinavyong'aa ni vya kuogopa. Tenki la maji liwepo, na ulione lina maji.

Kuhusu mahali, mandhari ya ziwa isikuteke. Bwebajja imenifaa kwa sababu Hospitali ya Kisubi iko karibu, hamhitaji kupambana na foleni ya kuingia Kampala. Ndugu wanaotoka mjini wana njia ya kasi ya kulipia, gari dogo 5,000.

Jambo ambalo hakuna kipeperushi kinalitaja ni lugha. Mzee ni mtu wa reli, maisha yake yote ni Kiswahili, na baada ya kiharusi Kiganda kimemtoka. Wahudumu wengi hapa ni Waganda. Mgonjwa akisema "naumia" na asieleweke, ataandikwa mkorofi. Tumedai kila zamu iwe na mtu mmoja anayesikia Kiswahili. Vijana wa West Nile wengi wanakijua. Chakula ni matoke, posho (ugali) na maharage, kizuri, ila kwa mwenye sukari sahani ipunguzwe wanga, na hilo hulisimamia wewe, si mpishi.

Pesa itoke wapi? Mafao ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, hutolewa kwa mkupuo mtu akifika miaka 55, na hapo ndipo penye hatari: milioni 40 ukizigawa kwa 2,600,000 ni miezi 15 tu. Msaada wa serikali kwa wazee, SAGE, ni 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 80 na kuendelea. Ni kama pampasi za siku mbili tu, lakini ni haki yake. Angalia tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa cha NIRA. Ikiwa imekosewa, anaachwa nje. Bima ya afya ya taifa haipo, usiipangie hesabu. Makao ya Mapeera Bakateyamba huko Nalukolongo, yaliyoanzishwa na Kadinali Nsubuga mwaka 1978, ni ya wasio na mtu. Usimpeleke mwenye watoto wanaojiweza.

Kinachotubeba sisi ni pango la vyumba vya Mzee vya kupangisha, hapa huitwa mizigo, vinavyoingiza 900,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 10,800,000. Mamlaka ya mapato, URA, haitozi 2,820,000 za kwanza, kisha hutoza 12% ya kinachobaki, yaani 957,600. Iweke pembeni mapema. Kilichopungua wanajazia walio kyeyo, yaani ndugu wanaofanya kazi ng'ambo. Wakubaliane nani anaweka sahihi kama mdhamini, kwa sababu makao yatamdai huyo mmoja, si kikundi cha WhatsApp. Hati ya uwakilishi wa kisheria iandikwe Mzee akiwa bado na akili timamu. Akishapoteza fahamu zake, njia inayobaki ni mahakama.

Lipa kwa akaunti ya benki ya makao. Pesa za simu zikitolewa taslimu kuna kodi ya 0.5% ya kiasi kinachotolewa, mbali na ada ya wakala, na makao mengine hukutupia wewe gharama hiyo. Usilipe zaidi ya mwezi mmoja mbele hata ukipewa punguzo. Dipoziti ya mwezi mmoja ni kawaida. Hakikisha imeandikwa kwamba mzee akifariki au akihamishwa, siku zisizotumika zinarudishwa, na ndani ya siku ngapi. Kwetu mkataba wa kwanza ulisema hairudishwi, tukakata mstari huo kwa kalamu na meneja akaweka sahihi pembeni.