TAA, msaada wa waliopokonywa kazi na biashara ya nje: nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama mlango usingefungwa, nitaeleza.

Trade Adjustment Assistance ni mpango wa serikali ya Marekani uliotokana na sheria ya 1962 na kupanuliwa 1974, kwa mfanyakazi ambaye kazi yake imehamia nje au imeuawa na bidhaa za nje. Mimi nilikuwa nafunga nyaya za magari kiwandani, Ohio. Mwaka 2017 laini yetu ya uzalishaji ikapelekwa Mexico.

Hukuomba peke yako. Ombi lilikuwa la kundi: wafanyakazi watatu wakisaini lilitosha, au chama chao, au hata mwajiri, kisha Wizara ya Kazi ilichunguza. Letu lilisainiwa kantini, na mmoja wetu alisema anasaini ili tumwache ale. Likikubaliwa, liliwabeba hata walioachishwa hadi mwaka mmoja kabla ya kuwasilishwa.

Mafunzo ndiyo mafuta ya mpango huu. Nilisomea ufundi wa viyoyozi. Ada, vitabu na vifaa vililipwa. Mafao ya kawaida ya kukosa ajira yalipokwisha, nikapata posho ya kila wiki, mradi niwe darasani. Ukichelewa kujiandikisha ndani ya wiki 26 bila sababu inayokubalika, posho hiyo huioni. Karani wa kwanza niliyemkuta hakuujua mpango kabisa, tena alikuwa mkali. Nilimshukuru, nikahamia foleni ya mwenzake.

Wazee wetu wa miaka 50 na zaidi wengi hawakutaka shule. Walishika kazi yoyote, na kama haikuzidi dola 50,000 kwa mwaka, serikali iliwafidia nusu ya pengo la mshahara, hadi dola 10,000 ndani ya miaka miwili. Kwangu mimi hicho ndicho kipengele chenye akili kuliko vyote, na ndicho kisichotangazwa.

Sasa huo mlango. Tangu Julai 1, 2022 wizara haiidhinishi maombi mapya, maana muda wa sheria uliisha na Bunge halikuuongeza. Waliokwisha kuidhinishwa wanaendelea. Kama uliachishwa kabla ya hapo au muda mfupi baadaye, tafuta jina la kampuni yako kwenye orodha ya maombi katika tovuti ya wizara. Huenda wenzako walisaini na hukuambiwa. Aliyeachishwa leo aende kituo cha ajira cha jimbo lake aulizie mafunzo ya WIOA, yaani sheria ya Marekani ya mafunzo ya kazi kwa wote, ila asitarajie posho kama yetu.