Chakula cha kuwavuta vigong'ota Dodoma: nunua hiki, kile kiache

Tangu mvua zianze, wasomaji wa Ilazo, Kisasa na Iyumbu wananiletea lalamiko lile lile: wametundika karanga bustanini, kigong'ota haonekani, shomoro ndio wanaoshiba. Umbo la kibao cha kulishia ndege sitalizungumzia, fundi yeyote wa mbao atakugongea. Tuzungumze karanga, maana hapo ndipo watu wanapopigwa.

Karanga zinazouzwa kwa bei ya chini kwamba ni "za ndege" mara nyingi ni makapi: zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu. Hizo ndizo maskani ya sumukuvu. Neno hilo Dodoma hatufundishwi. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Ndege nao haiwaachi: mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na ni vifo hivyo vilivyowafikisha wataalamu kwenye sumu yenyewe. Ukikaanga, haiishi. Ukichambua, utapunguza tu, kwa sababu punje inaweza kung'aa na bado ikawa nayo.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni karanga zenye maganda, na sifichi upendeleo, mbegu ya Pendo, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara. Tikisa ganda sikioni: zikicheza ndani, zimekauka. Banja mwenyewe siku ya kuzitumia. Wauzaji wengi huzilowesha ili maganda yalainike na uzito uongezeke, na unyevu huo ndio kuvu inaousubiri. Usitie chumvi. Zitwange kidogo, kisha zishindilie kwenye nyufa za gome la mgunga. Kigong'ota hutambaa juu ya shina, sahani ya juu ya meza haimhusu.

Ya pili ni funza wakavu wanaouzwa kwa wafugaji wa kuku. Vigong'ota wetu, hasa yule mwenye madoadoa kifuani ambaye wataalamu humwita Campethera nubica, huishi kwa sisimizi na mchwa, kwa hiyo funza wanamfaa kuliko nafaka yoyote. Ningewapa nafasi ya kwanza kama wangepatikana kwa vipimo vidogo. Anayekulazimisha ubebe mfuko wa banda zima la kuku kwa ajili ya ndege wawili, huyo hana haja na wewe.

Shahamu iko mkiani mwa orodha yangu. Wazungu huigandisha kwa ajili ya majira yao ya baridi, nasi tunaletewa vitofali vyake kwa bei ya nyama ya hoteli. Oktoba na Novemba joto la hapa hupita nyuzi 30, shahamu inalegea juani, inanata kwenye manyoya, na manyoya yakilowa mafuta hayamkingi ndege tena. Hata ile ya machinjioni iache mpaka Juni au Julai, na uiweke kivulini.

Mkate mkavu na makombo ya wali: hapana.

Gogo la mgunga lililoliwa na wadudu ni bure, na litamvuta kigong'ota kuliko vyote nilivyotaja, ila huu ni mwongozo wa kununua. Wenye viwanja vipya mmeshang'oa kila mti mkavu mkapanda ukoka, ndiyo maana mnahitaji ushauri wangu.

Sasa hili la vipimo. Pale sokoni nilipolazimika kununua mwezi uliopita, kopo lilikuwa limegongwa kitako kikaingia ndani kama bakuli lililopinduliwa. Unalipia kopo, unaondoka na pungufu, na ukiuliza unaambiwa "ndiyo kipimo cha hapa, mama". Mkulima akivuna anabanwa kwa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, mlaji akinunua anabanwa kwa kitako. Pimiwa kwa kilo. Ukiambiwa mizani imeharibika, vuka upande wa pili wa soko.