Kozi ya LPN katika vyuo vya jamii Marekani: ada nafuu, saa ghali

Anayetaka leseni ya unesi Marekani kwa njia fupi, yaani ya LPN (nesi wa vitendo mwenye leseni), hukuta milango miwili: shule binafsi ya kibiashara iliyo tayari kukuandikisha wiki ijayo, na chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha eneo husika, kinachokwambia usubiri zamu yako. Tunaupima huu wa pili. Kwa pesa unayolipa, hakuna kinachoufikia. Wanaoshindwa humo, mara nyingi si kwa ugumu wa masomo. Ni kwa kuidhania kozi ya pembeni, ya kufanya huku ukipiga zamu 5 kwa wiki.

Kozi huchukua miezi 12 hivi, mihula mitatu bila likizo ya maana. Ukimaliza unaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, NCLEX-PN. California na Texas nesi huyu wanamwita LVN, ila kazi ni ileile.

Tuanze na pesa, maana hapo chuo cha jamii kinapata alama zote. Mkazi wa jimbo hulipa ada ya chini kuliko asiye mkazi, na ruzuku ya serikali ya Pell, inayofika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26, mara nyingi hubeba sehemu kubwa ya ada. Raia, mwenye green card na mkimbizi wanaweza kuiomba kwa fomu ya FAFSA. Mwenye viza ya mwanafunzi haipati. Yanayouma ni yale madogo yasiyoandikwa kwenye ukurasa wa ada: sare, stethoskopu, kifurushi cha mitihani ya mazoezi, alama za vidole, kipimo cha dawa za kulevya, dola 200 za NCLEX, na juu yake ada ya leseni ya jimbo. Dai orodha nzima kwa maandishi kabla hujakubali nafasi.

Kuingia kwenyewe ni kazi. Vyuo vingi hutumia mtihani wa TEAS: maswali 170 kwa dakika 209, yaani kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Hesabu inatisha watu bure, kwani kikokotoo kimo kwenye skrini. Sayansi ndiyo inayoangusha, hasa mifumo ya mwili, na ina maswali 50.

Baada ya hapo linakuja faili la afya, ambalo limewatoa watu kwenye orodha wakiwa wameshafaulu kila kitu. Chanjo ya homa ya ini B ya kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Ukianza siku ya barua ya kukubaliwa umechelewa. Ipo aina ya Heplisav-B, dozi 2 zinazopishana mwezi mmoja, kwa mwenye miaka 18 na zaidi. Muulize daktari mapema. Jambo la pili: aliyechanjwa BCG utotoni anaweza kuvimba mkono kwenye kipimo cha ngozi cha kifua kikuu hali hana ugonjwa, halafu akatumwa eksirei na kupoteza wiki kadhaa. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, BCG haikivurugi. Na cheti cha BLS, huduma ya msingi ya kuokoa maisha, kiwe cha mafunzo yenye sehemu ya vitendo, maana kadi za kubofya tu kwenye intaneti hukataliwa.

Ndani ya darasa, sheria inayowashtua wengi ni ya alama. Kiwango cha kufaulu huwa kati ya asilimia 75 na 80, na vyuo vingi havikamilishi desimali: pakihitajika 78, basi 77.9 umefeli, na somo hilo halirudiwi mpaka litakapofundishwa tena, pengine mwaka ujao. Maswali nayo hayapimi kukariri. Unapewa majibu manne, matatu ni mambo ya kweli kabisa, na unaulizwa lipi unafanya kwanza.

Kisha kuna mtihani wa hesabu za dawa, unaodai asilimia 90 au hata 100 kabla hujaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi. Amri ni amoksisilini mg 375, chupa ina mg 250 katika ml 5: gawanya 375 kwa 250, zidisha kwa 5, unapata ml 7.5. Dripu ya ml 1000 kwa saa 8, mrija wa matone 15 kwa ml: 1000 mara 15, gawanya kwa dakika 480, ni matone 31 kwa dakika. Watu huanguka mahali palepale kila mwaka. Wanagawanya kwa saa 8 badala ya dakika 480 na kuandika matone 1,875 bila kushtuka kwamba huo sasa ni mfereji. Wanasahau kugawanya pauni kwa 2.2 kupata kilo. Wanakata desimali katikati ya hesabu badala ya mwishoni. Na anayeandika 1.0 mg anakatwa alama kwa haki, maana nukta ikififia nesi mwingine atasoma 10.

Maabara ya ujuzi ni sehemu tunayoipa sifa bila kusita, mradi chuo kikupe saa za kufanya mazoezi nje ya kipindi. Uliza hilo. Kuweka mpira wa mkojo kwa mgonjwa bandia hakuwashindi watu kwa mkono. Huwashinda kwa mpangilio. Ukigeuzia mgongo vifaa vilivyokwisha takaswa, ukishusha mikono chini ya kiuno, au ukigusa inchi moja ya pembezoni mwa kitambaa vilipowekwa vifaa hivyo, umeanza upya. Kuchanganya insulini nako kuna utaratibu wake: hewa kwenye chupa ya NPH, insulini ya kazi ndefu yenye ukungu, hewa kwenye ile angavu ya kazi ya haraka, vuta angavu, ndipo uvute yenye ukungu. Ukipindua, NPH inaingia kwenye chupa angavu na kuichelewesha kazi yake. Ukivuta hadi uniti 31 pale panapotakiwa 30, usirudishe chupani. Tupa bomba lote. Kwenye presha, mkanda mdogo kuliko mkono hutoa namba ya juu kuliko ukweli, na anayeachia hewa haraka kuliko milimita 2 hadi 3 kwa sekunde hupitwa na sauti ya kwanza.

Sasa wodini, ambako ndiko thamani ya kozi iliko, na ndiko vyuo vinatofautiana mno. California inadai saa zisizopungua 1,530, kati yake 954 za vitendo na 576 za nadharia. Majimbo mengine yana viwango vyao, kwa hiyo usilinganishe vyuo kwa urefu wa miezi. Linganisha kwa saa za vitendo, na uliza ngapi ni za wagonjwa halisi na ngapi ni za mgonjwa bandia. Uliza pia ni wapi. Kozi inayokuweka nyumba ya wazee mwanzo mwisho itakufundisha vidonda vya kulalia na ugawaji wa dawa vizuri sana, lakini mzazi na mtoto mchanga utawajua kwa picha. Zamu huanza alfajiri, na ukichelewa hata mara chache tu, huhesabiwa kama kukosa siku nzima.

Vyuo hupenda kutangaza kiwango cha kufaulu NCLEX. Ni namba ya kweli, ila sikilizeni hesabu hii ya mfano: waliingia 40, wakamaliza 22, wakafaulu 21. Chuo kitaandika asilimia 95, wakati kati ya walioingia ni nusu tu na kidogo waliopata leseni. Dai namba zote mbili. Uliza pia kama kuna mtihani wa mwisho wa ndani unaozuia jina lako kupelekwa bodi. Kisha hakikisha mwenyewe kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo kwamba kozi imeidhinishwa. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifichua vyeti vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyouzwa Florida bila masomo, na shule zile zilikuwa na majina ya heshima.

NCLEX-PN yenyewe ni maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, na kompyuta hupanda au kushuka ugumu kulingana na unavyojibu. Tangu Aprili 2023 kuna visa vya wagonjwa vyenye maswali 6 kila kimoja. Ukifeli unasubiri siku 45. Fanya mapema baada ya kumaliza. Kichwa hupoa haraka.

Kuhusu kipato: Mei 2024 mshahara wa kati wa LPN ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, wa RN, nesi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu yake, 93,600. Pengo hilo linatokana na mipaka ya kazi. LPN hufanya kazi chini ya RN au daktari, na majimbo mengi humzuia kufanya tathmini ya kwanza ya mgonjwa au kusukuma dawa nyingi za mshipani. Wengi kwa hiyo huitazama kozi hii kama ngazi. Hapo chuo cha jamii kina faida yake kubwa, kwa kuwa mara nyingi daraja la kwenda RN liko jengo hilohilo. Lakini masomo ya LPN hayahami yote. Anatomia ya ngazi ya PN inaweza kukataliwa upande wa RN, na vyuo vingi havipokei sayansi iliyopita miaka 5 au 7. Kama kuna nafasi ya kuchagua, chukua anatomia ile yenye maabara na krediti kamili, hata ikikugharimu muhula mmoja kabla ya kuanza.