Duka la mtandaoni kwa programu huria: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Mwaka jana mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alinipigia saa nne usiku. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwanangu, mteja wa Dodoma amelipa, hela nimeiona imeingia, lakini duka linasema oda imefutwa. Nimjibu nini?"

Duka lake lilikuwa zima. Lilifanya kile lilichopangiwa. WooCommerce, programu inayoliendesha, ikiwa inahesabu stoo na hujagusa mipangilio yake, hushikilia oda isiyolipwa kwa dakika 60, kisha huifuta na kuirudisha bidhaa stoo. Mteja alikuwa amelipa kwa simu, ila taarifa ya kuthibitisha malipo ilichelewa njiani kwa saa moja na nusu. Ilipofika, oda ilishakufa. Tuliongeza muda wa kusubiri, nikamfundisha kufufua oda kwa mkono, na tatizo likaisha usiku uleule.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaoniuliza "nichukue programu ipi?" huja na orodha ndefu ya mapambo: picha zinazogeuka, vikapu vinavyoruka, rangi za kila aina. Mimi nina maswali mawili tu. Hela ya mteja wa huku itaingiaje? Na duka likianguka saa nne usiku, nani aliye karibu anayejua kuliinua? Nafasi ninazozigawa hapa chini zimetokana na maswali hayo. Muuzaji wa Ulaya anaweza kuzipanga vingine na asiwe amekosea.

Kwanza tuelewane kuhusu neno bure. Zote nitakazozitaja ni programu huria: unaipakua, unausoma msimbo wake, unaubadilisha, na aliyeitengeneza hana pa kukudai kodi ya mwezi. Lakini utalipia jina la tovuti, kama ni .co.tz au .co.ke, utalipia seva, huenda ukalipia plagini (programu ndogo za nyongeza) mbili tatu, na utamlipa fundi. Fundi ndiye anayesahaulika kwenye hesabu, na ndiye mara nyingi anayekula fungu kubwa.

Na kama una bidhaa kumi na mbili, na wateja wako wote wanatokea WhatsApp, bado hujafika. WhatsApp Business ina katalogi, itakutosha. Rudi siku utakapochoka kujibu "bei gani?" mara arobaini kwa siku.

Nafasi ya kwanza: WooCommerce

Hii ni plagini inayogeuza WordPress, programu ya kujengea tovuti, kuwa duka. Ilitoka mwaka 2011 mikononi mwa WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic. Siiweki mbele kwa sababu ni bora kwa kila kitu. Naiweka mbele kwa sababu ya watu. Fundi wa WordPress utampata Mwanza, Mombasa, Kampala, Bujumbura. Akihama au akikuchoka, mwingine ataingia na kuelewa alichokikuta.

Upande wa hela, kampuni za kati zinazokusanya malipo ya simu na kadi, kama Pesapal ya Nairobi au Flutterwave, zina plagini zake. Kenya, fundi anayeandika msimbo anaweza kuunganisha moja kwa moja na Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ili kidirisha cha namba ya siri kijitokeze kwenye simu ya mteja. Kulipa mzigo unapofika kumo ndani tangu mwanzo, na kwa biashara ya huku hicho ndicho kipengele ambacho sikizimi. Mteja anayenunua kwako mara ya kwanza hakuamini, na ana haki.

Fomu ya anwani nayo inatujua kiasi. Mikoa ya Tanzania na kaunti 47 za Kenya zimo tayari kwenye orodha. Kinachosumbua ni nambari ya posta, ambayo mteja wa Mbagala hatajua aandike nini. Iondoe. Weka badala yake nafasi ya "alama iliyo karibu", aandike msikiti, shule au kituo cha daladala. Kisha gawa maeneo ya usafirishaji: bodaboda kwa walio mjini, mzigo kupandishwa basi kwa wa mikoani, na kuja kuchukua dukani.

Sasa kasoro zake, maana nazijua kwa kuumizwa nazo.

Novemba 2023, toleo 8.3 lilileta kwa maduka mapya ukurasa wa kulipia uliojengwa kwa bloku, yaani vipande vinavyopangwa kama matofali. Plagini za malipo ambazo hazijasasishwa hazionekani kwenye ukurasa huo. Nilifungua duka la mteja wangu asubuhi ya uzinduzi, nikajaza kikapu, nikafika mwisho, nikaambiwa hakuna njia ya kulipa. Plagini ilikuwa imewashwa, funguo zote sahihi. Nilipoteza nusu siku nikiilaumu seva. Dawa ni kurudisha ukurasa wa zamani kwa msimbo mfupi [woocommerce_checkout], au kumwandikia mtengenezaji wa plagini na kumuuliza waziwazi kama inafanya kazi na bloku. Uliza kabla hujalipa.

Ya pili ni uzito. Kwa miaka mingi oda zilihifadhiwa kwenye majedwali yaleyale ambamo WordPress huweka makala. Oda zikifika maelfu, ukurasa wa msimamizi unaanza kutambaa. Oktoba 2023, toleo 8.2 likazipa oda majedwali yake kwa maduka mapya. Duka la kabla ya hapo halihami lenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya hali ya juu ukaangalie, na chukua nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa.

Ya tatu ni mbaya kuliko zote, na hii naisema kwa uchungu: plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu ya Telegram. Mara nyingi mtu ameshatia mkono ndani kabla haijakufikia. Duka linaendelea kuuza huku likipeleka taarifa za wateja wako kwa mtu usiyemjua. Kama huna hela ya plagini fulani, ishi bila hiyo. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022 na Kenya tangu 2019. Jina na namba ya simu ya mteja ni dhamana uliyopewa.

Lugha inarekebishika. Kwa Loco Translate unaweza kubadilisha kila neno ukiwa ndani ya tovuti. Mimi huandika "Weka kikapuni" na "Kalipie". Yule mama wa vitenge alikataa "Malizia ununuzi", akasema inatisha kama fomu ya serikali. Alikuwa sahihi.

Nafasi ya pili: PrestaShop

Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha EPITECH jijini Paris, ikatoka mwaka 2007. Tofauti na WooCommerce, hii ilizaliwa duka. Kiatu kimoja chenye rangi nne na saizi tisa kinaingia bila kuongeza chochote, na kila rangi na saizi ina hesabu yake ya stoo. Lugha kadhaa na maduka kadhaa chini ya msimamizi mmoja vimo tangu ulipoipakua. Kama unauza nguo au viatu vyenye aina nyingi, ifikirie kwa uzito.

Kwa wenzetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi ningeipandisha ikae ya kwanza. Maelekezo yake ya Kifaransa ni mengi na yameandikwa na watu wanaoifikiria kwa Kifaransa, na fundi aliyesoma kwa lugha hiyo huanza nayo kwa wepesi.

Kwa nini basi ni ya pili? Moduli, ndizo plagini zake, nyingi nzuri zinauzwa, tena kwa yuro. Na kila ikipiga hatua kubwa, kutoka 1.6 kwenda 1.7 mwaka 2016, kisha 8 mwaka 2022, kisha 9 mwaka 2025, unalazimika kuhakiki moduli zako moja baada ya nyingine. Dar es Salaam nimehangaika kumpata fundi wa pili wa PrestaShop baada ya wa kwanza kupata kazi nje ya nchi.

Nafasi ya tatu: OpenCart

Nyepesi. Mtengenezaji wake mkuu, Daniel Kerr, ameiendeleza akiwa Hong Kong, na msimbo wake unasomeka na kijana aliyejifunza lugha ya programu ya PHP kwa mwaka mmoja. Inakaa vizuri kwenye seva ya bei nafuu ya kuchangia na wengine, na mwenye duka hujifunza ukurasa wa msimamizi kwa mchana mmoja. Kwa muuza vipuri au vifaa vya umeme asiyehitaji makala wala blogu, inatosha kabisa.

Tahadhari ni moja. Toleo la 4 lilipotoka mwaka 2022, nyongeza nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 3 hazikufanya kazi. Usichague toleo kwanza. Tafuta kwanza nyongeza ya malipo ya mtandao wako wa simu, uone imeandikwa kwa toleo gani, ndipo usakinishe hilo.

Zilizobaki

Joomla imezaliwa mwaka 2005, na jina lake limetokana na neno letu jumla. Natamani ningeipa nafasi ya juu kwa hilo pekee. Lakini yenyewe ni programu ya kujengea tovuti, si duka. Utaongeza VirtueMart au HikaShop. Kama tovuti yako tayari ni Joomla na inakwenda vizuri, ongeza, usihame. Kama unaanza upya, sioni sababu.

Drupal Commerce, nyongeza ya duka kwa Drupal, nayo programu ya kujengea tovuti, inafaa pale duka na maandishi vinapokuwa kitu kimoja: shirika la uchapishaji, chuo kinachouza kozi, jumba la makumbusho. Inataka mtaalamu wa kudumu. Ukirithi tovuti ya Drupal 7, fahamu kuwa msaada wake rasmi ulikoma tarehe 5 Januari 2025.

Medusa na Saleor ni za timu zenye waandishi wa programu wao wenyewe.

Magento Open Source naiweka mwisho, ingawa kwa nguvu inazipita zote. Ilitoka mwaka 2008, na mwaka 2018 Adobe ikainunua kwa dola bilioni 1.68. Kwa kampuni yenye maghala matatu, bei tofauti kwa wateja wa jumla na rejareja, na idara yake ya kompyuta, ni chombo cha heshima. Tangu toleo 2.4 inadai na mtambo wake wa utafutaji, Elasticsearch au OpenSearch, kwa hiyo seva ya kuchangia haiiwezi. Nimeona mfanyabiashara mwenye bidhaa mia mbili amewekewa hii. Alilipa seva kwa miezi minane, akauza oda kumi na moja.

Ukishachagua, kabla ya kumwambia mtu yeyote, weka bidhaa ya shilingi elfu moja. Chukua simu ya bei ya chini, zima waifai, tumia bando. Inunue. Lipa hela yako halisi, usitumie hali ya majaribio. Hesabu sekunde za ukurasa kufunguka, angalia kama ujumbe wa oda umefika, kisha ingia kama msimamizi ujirudishie hela. Fanya hivyo kwa kila mtandao wa simu utakaoupokea. Halafu mpe simu hiyo mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kununua mtandaoni, kaa pembeni, na usimsaidie.